Mfumuko wa bei umeshuka, mbona hela ya sokoni Tunduma haitoshi?

Mwaka 2023 mfumuko wa bei nchini ulikuwa wastani wa asilimia 3.8. Mwaka 2024 ukashuka hadi 3.1. Mtu wa Tunduma akisikia "umeshuka", akiangalia na bei dukani, anaona kama anadanganywa.

Kumbe kilichopungua ni kasi ya bei kupanda. Bei zenyewe ziliendelea kupanda: vitu vya Sh10,000 mwaka 2023, kwa wastani vilihitaji Sh10,310 mwaka 2024.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hukusanya bei kila mwezi na kuzilinganisha na za mwezi kama huo mwaka uliopita. Kila kitu kina uzito wake kwenye kapu, kulingana na matumizi ya kaya nchi nzima. Kwenye kapu hilo, ambalo mwaka wake wa msingi ni 2020, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina asilimia 28.2 tu.

Sasa njoo Sogea au Mpemba, kwa familia ambayo asilimia 60 ya matumizi yake ni chakula. Tuseme chakula kimepanda asilimia 10, vingine vimetulia. Kapu la taifa litapanda asilimia 2.8 hivi. La familia hiyo, 6.

Unataka kujua la kwako? Andika kwenye simu bei ya unga, mafuta ya kula, mkaa na nauli ya bodaboda, kila mwezi tarehe ile ile. Ukinunua kitu Nakonde, andika pia kwacha ulibadilisha kwa shilingi ngapi. Kwacha ikipanda, kitu kinakuwa ghali kwako hata kama muuzaji hajagusa bei.