Kiwavi Anayegeuka Mweusi Akisongwa

Chukua viwavijeshi wawili wachanga, ndugu wa tumbo moja. Mmoja mlee peke yake ndani ya kopo lenye majani. Mwingine mchanganye na wenzake kumi. Wakishajivua ngozi mara mbili tatu, yule mpweke atakuwa wa kijani, mpole, amejibanza chini kwenye shina. Yule wa msongamano atakuwa mweusi kama makaa, juu ya majani, hatulii.

Mama yao ni nondo (si ile ya kujengea) wa kijivu aitwaye Spodoptera exempta. Huyu ni mwenyeji wa Afrika. Asichanganywe na binamu yake, kiwavijeshi vamizi aliyetoka Amerika na kuripotiwa barani humu mwaka 2016. Usiku nondo huyu wa Afrika hubebwa na upepo mamia ya kilomita. Mvua za kwanza zikianza, pepo zinazokutana chini ya mawingu huwakusanya nondo waliotawanyika na kuwashusha mahali pamoja. Jike hutaga mayai kwa mamia, akiyafunika kwa manyoya meusi ya tumbo lake. Siku chache baadaye shamba limejaa watoto, wakigusanagusana kutwa.

Mguso huo ndio unaowabadili rangi, na weusi huo una faida mbili. Hufyonza joto la jua, kiwavi akakua haraka. Tena, majaribio ya maabara yameonyesha kwamba viwavi weusi hustahimili virusi kuliko wale wa kijani. Penye msongamano maradhi husambaa upesi, naye kiwavi mweusi hujikinga kabla hajaugua.

Mkulima ndiye anayechelewa. Sehemu kubwa ya chakula chake kiwavi hukila siku za mwisho, kabla ya kujichimbia udongoni kugeuka pupa. Mahindi, mtama, mpunga na nyasi za malisho hubaki vijiti, huku maharage ya jirani yakiwa hayajaguswa.

Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijiji vya Kilosa, Tanzania, vilianza kujitabiria uvamizi wa viwavi. Mtego wenye harufu ya jike huwanasa madume. Kipimamvua husimama karibu. Nondo wakiwa wengi na mvua ikanyesha, wanakijiji huambiwa wakague mashamba yao wiki hiyo. Wanachotafuta majanini ni vitoto vya kijani, bado vidogo kama uzi.