Kabla ya kumnunulia kompyuta, mpime masikio

Msomaji, huenda wewe ni mmoja wa wakazi wa jijini ambao kila Agosti na Desemba hurudi mashambani na zawadi za watoto. Siku hizi zawadi hiyo huwa simu au kishikwambi, hasa kwa yule mtoto ambaye ripoti yake ya shule haipendezi. Kabla hujatoa pesa zako, nakuomba unisikilize kidogo.

Likizo moja, mama fulani aliniletea mpwa wake wa miaka tisa kutoka Kiambere, kaunti ya Embu. Shuleni ilisemekana mtoto huyo ni mzito wa kichwa. Shangazi alikuwa amemnunulia kishikwambi chenye masomo ndani, lakini hakikusaidia. Sasa alitaka nimpe dawa ya kuongeza akili.

Nilisimama nyuma ya mtoto nikamwita kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nilipochungulia masikioni, nilikuta usaha katika yote mawili, na viwambo vimetoboka. Kumbe nyanya yake aliuona usaha huo tangu mtoto akiwa na miaka mitatu, akidhani ni mambo ya utotoni yatakayokwisha yenyewe. Kwa miaka sita mtoto huyu alisoma kama mtu anayesikiliza redio iliyo nyumba ya jirani.

Dalili za kuangalia

Je, utamjuaje mtoto wa aina hii? Huongeza sana sauti ya redio au televisheni. Hukutazama midomo unapozungumza naye. Huchelewa kusema, au hujibu swali ambalo hukumwuliza. Asiyeona vizuri naye husogeza kitabu karibu na pua au hukosea kunakili yaliyo ubaoni. Ukiona dalili kama hizi, usimchape wala usimwite mjinga. Mpeleke akapimwe.

Sikio kavu kwanza

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya visa vya watoto kupoteza uwezo wa kusikia vinaweza kuzuiwa. Usaha wa masikio ni mojawapo ya mambo yanayozuilika, na matibabu yake si ya gharama kubwa: sikio hukaushwa kwa utambi wa kitambaa safi, kisha hutiwa matone aliyoandika daktari. Usitie mafuta, maziwa wala dawa ya miti. Mtoto asiogelee mtoni au bwawani mpaka sikio lipone.

Kifaa cha kusaidia kusikia huja baadaye. Sikio linalotoka usaha haliwezi kuvaa kifaa hicho, kwani kitaliziba na kuzidisha ugonjwa. Tena usikinunue ovyo mtaani. Ni lazima mtaalamu apime masikio na kurekebisha sauti, kwa maana sauti ikizidi huumiza sikio zaidi.

Kifaa hakifundishi peke yake

Vifaa vya leo ni vya ajabu. Kuna maikrofoni ndogo anayovaa mwalimu na kupeleka sauti yake moja kwa moja kwenye kifaa cha mwanafunzi. Kuna programu katika simu inayomsomea asiyeona maandishi kwa sauti. Kuna pia mashine za kuandika maandishi ya nukta nundu ya Braille, ambayo watoto wasioona hutumia katika shule kama ile ya Thika iliyoanzishwa mwaka wa 1946.

Lakini kila kifaa kina mahitaji yake. Betri nyingi za vifaa vya kusikia huisha baada ya wiki moja au mbili, na ni hatari kubwa mtoto akizimeza. Kishikwambi nacho kinahitaji umeme. Bwawa la Kiambere kwenye Mto Tana lilianza kuzalisha umeme mwaka wa 1988, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 168. Hata hivyo, kwa miaka mingi nyaya zilipita juu ya vijiji vya karibu zikielekea mijini, na hata leo si kila nyumba iliyounganishwa. Basi ukipeleka kifaa, peleka na betri za akiba au paneli ndogo ya sola.

Yako pia yasiyogharimu hata senti. Mwombe mwalimu amketishe mtoto mbele, amtazame anapozungumza, na aandike ubaoni mambo muhimu. Kwa mtoto asiyesikia kabisa, jifunzeni lugha ya ishara nyumbani mapema, asingoje kwenda shule kama ile ya St Luke's ya viziwi huko Embu.

Aende wapi?

Anzia zahanati iliyo karibu, kisha hospitali ya rufaa. Baada ya hapo ulizia katika ofisi ya elimu kituo cha tathmini kijulikanacho kama EARC. Vituo hivi vilianzishwa mwaka wa 1984 ili kupima mahitaji ya mtoto na kushauri asomee wapi. Taasisi ya KISE iliyoko Kasarani, Nairobi, hufanya kazi hiyo pia. Mtoto akithibitishwa kuwa na ulemavu, msajilishe katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambako unaweza kuomba msaada wa vifaa. Hiyo si sadaka. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kusoma na ya kupata vifaa vya kumsaidia.

Yule mpwa wa Kiambere masikio yake yalikauka baada ya wiki kadhaa, na baadaye akapata kifaa cha sikio moja. Hajawa wa kwanza darasani. Lakini sasa mwalimu akiita majina asubuhi, huitikia mwenyewe bila kusukumwa na jirani yake. Na kile kishikwambi cha shangazi kimeanza kumfaa, kwa sababu anasikia kinachosema.