Mabomba yenye waya: Faida iko kwenye kina kirefu, si kwenye kisima cha Igoma

Mfanyabiashara wa Igoma hahitaji kufundishwa kwamba habari ya bei iliyochelewa ni hasara. Aliyesikia asubuhi kuwa mchele umeshuka hujizuia. Aliyesikia jioni ameshajaza stoo. Katika uchorongaji wa visima virefu vya mafuta, gesi na mvuke hali ni hiyo hiyo. Mtambo hukodiwa kwa siku, na siku hiyo hulipwa hata kama kekee imepotea njia chini ya ardhi.

Biashara hiyo sasa inapita jirani na sisi. Bomba la mafuta ghafi la kilometa 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, njia yake inapita mikoa ya Kagera, Geita na Shinyanga. Mafuta yake yanatarajiwa kutoka maeneo ya Tilenga na Kingfisher, kwenye Ziwa Albert. Visima vya Kingfisher huchorongwa kutoka nchi kavu na kupinda kuelekea chini ya ziwa. Kekee inayokwenda upande kwa namna hiyo lazima iongozwe, na anayeiongoza lazima apate habari kutoka chini.

Njia iliyozoeleka ni kutumia tope linalosukumwa ndani ya mabomba ili kupoza kekee na kutoa vipande vya mwamba. Kifaa kilicho karibu na kekee hubana na kuachia mkondo wa tope, na mitikisiko hiyo husomwa juu. Njia hii ni imara, lakini ni ya polepole: mara nyingi hupitisha alama chache tu kwa sekunde. Aidha, pampu zikizimwa, mawasiliano hukatika.

Je, kwa nini wasipitishe waya? Taabu iko kwenye maungio. Bomba moja lina urefu wa mita 9 hadi 10 hivi, kwa hiyo kisima cha mita 3,000 kina maungio zaidi ya 300. Mabomba hayo hufungwa na kufunguliwa kila mara, katikati ya tope, grisi na mchanga. Plagi ya kawaida ingechafuka au kuvunjika mapema.

Ufumbuzi uliopatikana ni koili. Katika kila ncha ya bomba huchongwa mfereji wa duara, na ndani yake huwekwa koili ya waya. Waya mwingine uliolindwa huunganisha koili mbili za bomba moja, toka ncha hadi ncha. Mabomba mawili yakifungwa pamoja, koili zao hutazamana kwa karibu sana. Umeme unaogeuka-geuka mwelekeo katika koili ya kwanza huzaa nguvu ya sumaku inayobadilika, na nguvu hiyo huamsha umeme katika koili ya pili. Shaba haigusani na shaba, hivyo uchafu kidogo hauzuii kitu. Kwa kuwa chuma cha bomba kingemeza nguvu hiyo, koili hulazwa katika feraiti, ambayo huibana sumaku ipite inakotakiwa.

Kanuni hii si ngeni. Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. Ndiyo inayofanya kazi ndani ya transfoma ya mtaani kwako, na katika kibao cha kuchajia simu bila kuchomeka waya.

Mabomba ya namna hii yalibuniwa na kampuni ya Novatek ya Utah, Marekani, kwa msaada wa Wizara ya Nishati ya nchi hiyo, na yalianza kuuzwa mwaka 2006 kwa jina la IntelliServ. Kasi yake hufikia alama 57,000 kwa sekunde. Tuchukue makala haya, yenye herufi zaidi ya 4,000, kila herufi ikihitaji alama 8. Kwa njia ya tope, alama 8 kwa sekunde, yangechukua zaidi ya saa nzima kufika juu. Kwa waya hayamalizi sekunde moja.

Hata hivyo, mwekezaji asikimbilie kasi peke yake. Ishara hufifia njiani, hivyo kila baada ya mita mia kadhaa huwekwa kifaa cha kuitia nguvu, chenye betri. Zaidi ya hayo, maungio yote yamefuatana kama mnyororo. Tuseme kila ungio lina uhakika wa asilimia 99.9. Kwa maungio 300, uhakika wa mnyororo mzima unabaki asilimia 74 tu. Ungio moja likifa, yote yaliyo chini yake yananyamaza. Ndiyo maana wachorongaji wengi huweka njia ya tope kama akiba. Kwa hiyo atakayeombwa fedha kwa ajili ya teknolojia hii asiulize inakwenda kasi gani. Aulize maungio mangapi hushindwa, na nani hulipia siku zinazopotea.

Swali la mwisho linatuhusu hapa nyumbani. Wafanyabiashara wanaochanga ili wachimbiwe kisima cha maji wanaweza kuuziwa maneno ya "vipimo vya kisasa" kwa bei ya juu. Kisima cha mita 100 katika mawe yetu ya Mwanza hakihitaji mabomba ya koili. Vipande vya mwamba hufika juu kwa muda mfupi, na fundi mzoefu huvisoma kwa macho. Fedha yenu iende kwenye utafiti wa maji kabla ya kuchimba, kwenye kumbukumbu ya matabaka yaliyopitiwa, na kwenye jaribio la pampu baada ya kumaliza. Kuhusu vibali, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake hapa hapa Mwanza.

Koili zinalipa pale ambapo siku moja ya mtambo ni ghali kuliko mabomba yenyewe. Mahali pengine ni mapambo, na mapambo hayatoi maji.