Mimea ya Majani Manene Katika Mvua za Kibombo

Mmea wa majani manene huweka akiba ya maji katika majani, shina au mizizi yake, na kwa akiba hiyo huvuka miezi mikavu. Mshubiri, kalankoe, manyara, mkonge na kaktasi vyote vimo katika kundi hili, ingawa havitokani na ukoo mmoja. Kibombo, mji wa Kongo ulio kusini mwa Kindu kwenye reli ya kwenda Kongolo, una kiangazi kifupi, Juni hadi Agosti, na mvua yake ya mwaka hupita milimita 1,300. Mtunzaji wa maua wa huko hapambani na kiu. Kazi yake karibu yote ni kuyaondoa maji, na maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi kavu au nchi za baridi humpoteza njia.

Asili ya shida imo katika namna mimea hii inavyovuta hewa. Mingi hufunga vitundu vya majani mchana ili maji yasitoroke, kisha huvifungua usiku, huvuta kaboni dioksidi na kuihifadhi kama asidi hadi jua litoke. Benjamin Heyne, aliyefanya kazi India, alitoa habari hiyo mwaka 1815 baada ya kutafuna majani ya Kalanchoe pinnata: asubuhi yalikuwa machachu, mchana uchachu ukapungua, jioni haukuonekana tena. Mmea huo ni wa Madagaska, na siku hizi hujiotea wenyewe katika nchi nyingi za joto. Kiumbe kinachopoteza maji kidogo namna hii hunywa kidogo vilevile. Udongo wake ukilowa hukaa umelowa, mizizi hukosa hewa, ukungu huingia, na shina huanza kuoza kutoka chini.

Ndiyo maana udongo hutangulia mambo mengine yote. Udongo mweusi wa bustani, unaofaa sana kwa lengalenga, ni mzito mno kwa mshubiri. Mchanganyiko mzuri huwa na sehemu mbili za mchanga wa mto wenye chembe kubwa, uliooshwa matope. Sehemu moja ya changarawe ndogo au vipande vya matofali ya kuchoma. Na sehemu moja ya udongo. Vipande vya makaa huongeza nafasi ya hewa. Mchanga laini haufai, kwa kuwa hujaza nafasi zote na kugandamana. Chombo chochote kinafaa, chungu cha udongo, kopo au bidoni iliyokatwa, mradi kina matundu chini. Jaribio ni rahisi: maji yakimiminwa juu, yaanze kutoka chini papo hapo. Yakituama, mchanganyiko urudiwe. Kisha chombo huinuliwa juu ya mawe matatu, kama sufuria kwenye mafiga, ili matundu yasizibwe na tope.

Mahali bora kuliko pote ni barazani. Paa huzuia mvua, mwanga huingia kutoka pembeni, na upepo hukausha udongo. Pa kuepuka ni mstari wa matone chini ya ukingo wa bati, ambapo mvua ya nusu saa hutosha kujaza chungu. Ndani ya nyumba mwanga huwa haba, hasa penye madirisha madogo, na mmea huonyesha njaa ya mwanga kwa kurefuka na kupauka. Mmea usikae mbali na dirisha zaidi ya mita moja. Kwa kuwa Kibombo iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wakati wa kiangazi, na upande wa kusini kuanzia Oktoba hadi mapema Machi. Vyungu vya dirishani vihamishwe kulifuata. Mmea uliozoea kivuli ukitolewa nje ghafla huungua madoa ya kahawia yasiyofutika, hivyo huzoeshwa jua taratibu kwa wiki mbili hivi. Upandaji wa ardhini unawezekana, lakini juu ya tuta la sentimita 30 au zaidi lenye mawe mengi.

Kumwagilia hakufuati kalenda. Kijiti huchomekwa hadi chini ya chungu. Kikitoka na udongo uliong'ang'ania, maji yasubiri. Jani lenye kiu hukunjamana na kulegea kidogo, lakini halitoi maji. Jani lililozama huwa la manjano, laini, linalopitisha mwanga, na huanguka likiguswa. Watu wengi huona jani limelegea na kuongeza maji, na hapo mmea hufa.

Uchaguzi wa mimea huokoa taabu nyingi. Echeveria za Meksiko, zinazopendwa sana pichani, hupenda usiku wa baridi. Heri ziachiwe Bukavu na Goma penye baridi, na Goma ina hata changarawe ya volkano. Kibombo inafaa zaidi kwa Dracaena trifasciata, ile ya majani marefu kama panga, ambayo Kongo ni sehemu ya kwao. Huvumilia kivuli kuliko wenzake wengi. Ile yenye kingo za njano ilielezwa na mtaalamu wa mimea De Wildeman mwaka 1904 na kupewa jina la Émile Laurent, Mbelgiji aliyekusanya mimea Kongo. Ikioteshwa kwa kipande cha jani, watoto hutoka kijani tupu; ili njano ibaki, shina la chini ndilo ligawanywe. Rhipsalis baccifera nayo ni kaktasi pekee inayoota yenyewe Afrika, juu ya matawi ya miti ya msituni, kwa hiyo hutundikwa penye kivuli chepesi, katika nyuzi na maganda ya miti badala ya mchanga.

Vipandikizi vya shina hukatwa vizuri zaidi mvua zinapokwisha, Mei au Juni, kwa kuwa kidonda hukauka upesi. Huachwa kivulini siku kadhaa hadi kifunge, ndipo vipandwe. Manyara ukikatwa hutoa utomvu mweupe unaochoma ngozi na kuweza kudhuru macho vibaya; mikono ioshwe mara moja, na watoto wasiwe karibu. Wadudu weupe wanaofanana na pamba hujificha kwenye makwapa ya majani na hufutwa kwa kitambaa chenye alkoli. Sisimizi wakipanda chungu kwa wingi, kwa kawaida wanafuata utamu wa wadudu hao, na huwakinga dhidi ya maadui, kwa hiyo sisimizi nao wazuiwe.