Mukojo mwekundu, silaha ya udongo

Mtu akianza dawa ya kifua kikuu, mara nyingi anashituka: mukojo unakuwa na rangi ya chungwa, karibu mwekundu. Haiko damu. Ni rifampicini, dawa yenye asili yake katika udongo.

Ndani ya udongo mikrobe ni nyingi, chakula ni kidogo. Kuna zenye kutengeneza sumu ya kupiga majirani. Mwaka 1957, watafiti wa kampuni Lepetit, huko Milano, Italia, walipima udongo wa pori moja la kusini mwa Ufaransa. Wakakuta mikrobe yenye silaha ya namna hiyo. Waliitengeneza zaidi, ikawa rifampicini.

Inauaje? Kila mikrobe iko na mashine ndogo ya kunakili amri za uhai wake. Dawa inakwama humo kama chuma katika konkaseri: kazi inasimama, mikrobe inakufa. Ile yenye kutoa sumu haifi, juu mashine yake iko na umbo lingine.

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama wa nyumbani: vumbi ya mawe inaharibu mapafu, kifua kikuu kinapata njia. Dawa ya kawaida inachukua miezi 6. Mwezi wa 2 kikohozi kinaweza kuisha, lakini mikrobe bado ziko. Ukiacha, zinaweza kubaki zile zenye mashine ya umbo lingine, zisizoogopa dawa. Hizo ndizo utapelekea watoto nyumbani. Basi, maliza dawa mpaka munganga aseme imetosha.