Mbu si Mmoja: kutoka Dzaleka hadi Capital Hill



Mvua za Novemba zikianza hapa Dzaleka, kila nyumba inajua kinachofuata. Usiku ni kupigapiga makofi gizani, na baada ya wiki chache akina mama wanapanga foleni zahanati, watoto mgongoni wanachemka homa. Mdudu tunamjua: Wakongomani wengi tunamwita umbu, Warundi na Wanyarwanda umubu, jirani zetu Wachewa udzudzu. Tunadhani mbu ni mbu tu. Sivyo. Duniani kuna aina zaidi ya 3,000, na wanaoleta malaria kwa watu ni wa ukoo mmoja, anofelesi. Hata ndani ya ukoo huo wengi hawana kesi na sisi.

Utamjuaje? Anofelesi akitua ukutani anainua makalio juu, kichwa chini. Kuleksi analaza mwili sambamba na ukuta. Yule anayejaa kwenye maji machafu ya chooni mara nyingi ni kuleksi: anakera, anakunyima usingizi, lakini malaria si yake. Basi mtu anaweza kumaliza hela yake yote kupuliza dawa chooni, na mwenye kosa yuko kwingine.

Wenye kosa hapa Malawi

Wakubwa ni watatu. Wa kwanza anaitwa gambiae. Anapenda maji madogo yanayopigwa na jua: kwato za ng'ombe, alama za tairi, mashimo tunayoacha tukichimba udongo wa matofali. Anauma watu, usiku, ndani ya nyumba. Wa pili ni arabiensis. Yeye anauma ng'ombe pia, na mara nyingi yuko nje. Hawa wawili wanafanana kabisa, hata mtaalamu hawezi kuwatofautisha kwa macho. Ni lazima wapimwe vinasaba kwenye maabara. Wa tatu ni funestus, anayezaliana kwenye maji yanayokaa muda mrefu yenye majani, kama madambo na kingo za mito. Kwa hiyo mvua ikikatika, yeye bado yupo.

Mnaona sasa kwa nini wataalamu wanachora ramani? Asubuhi na mapema wanaingia kwenye nyumba iliyokubali, wanatandika mashuka meupe chini, wanafunga mlango na madirisha, wanapuliza dawa ya pareto. Baada ya dakika kama kumi wanaokota mbu walioanguka. Wengine wanatega mitego ya taa usiku kucha karibu na chandarua. Kila mbu anaandikwa: kijiji gani, tarehe gani, aina gani, ana damu ya mtu au ya mnyama, ana vimelea vya malaria au hana. Hesabu za namna hiyo zikikusanywa wilaya kwa wilaya, zinawasaidia wakubwa wa Wizara ya Afya kule Capital Hill, Lilongwe, kuamua dawa gani iende wapi.

Kisiwa cha Likoma

Pareto wengi wetu tunaijua. Ni lile ua linalolimwa milimani Kivu na Rwanda. Dawa iliyoko kwenye vyandarua imetengenezwa kwa kuiga nguvu ya ua hilo. Lakini mwaka 2010 watafiti walichapisha habari ya kutisha kutoka kisiwa cha Likoma, ndani ya Ziwa Malawi: funestus wa pale walikuwa wameizoea dawa hiyo. Wanaigusa, wanaondoka hai. Bila mtu kwenda kuwakamata na kuwapima, nani angejua? Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikubali vyandarua vyenye kitu cha pili, PBO, kinachovunja kinga ya mbu kama hao, na mwaka 2023 likapendekeza vingine vyenye dawa mbili.

Sisi tufanye nini?

Kambi hii ilipangwa kwa watu kama elfu 10. Leo tumepita elfu 50. Nyumba zimebanana, mashimo ya udongo ni mengi. Tukifukia shimo moja kila mtaa kabla ya mvua, tumemnyima gambiae kitanda cha kuzalia. Kwa funestus hatuwezi kukausha dambo, watu wanalima pale. Huyo dawa yake ni chandarua, na tulale ndani yake hata miezi ya kiangazi.

Jambo la mwisho tuseme wazi. Sisi wakimbizi tukiona mtu mlangoni na karatasi, moyo unashtuka: anatuandika kwa nini? Ana haki ya kubisha, na wewe mama, wewe baba, una haki ya kumwuliza ametumwa na nani na anataka nini. Akishakujibu vizuri, mfungulie. Mtaa ambao mbu wake hawajahesabiwa ni doa jeupe kwenye ramani, na anayegawa dawa hawezi kujua pale panahitaji nini. Watoto wanaoumwa pale ni wetu.

Lakini mtoto akipata homa, msingoje ramani. Mpelekeni kupimwa siku hiyo hiyo.

Tukutane toleo lijalo. Lala ndani ya chandarua!