Mtihani wa Arua
Kila likizo hupandia basi Arua Park, hapa Kampala, kwenda nyumbani. Wazazi wangu walikimbia West Nile baada ya Amin kuanguka 1979. Kusoma nilijifunzia Zaire.

Mwaka 2013, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, serikali ilianza mradi wa USMID katika manispaa 14, Arua ikiwamo. Lami ikaja, mitaro, na taa. Kila mwaka manispaa zilipewa alama, na alama ndizo zilizoleta fedha. Kukusanya ushuru zaidi kulikuwamo katika mtihani huo.

Mimi mwalimu, alama nazijua. Ningekuwa mtahini, ningeanza na mama anayeleta mawese kutoka Ariwara, Kongo. Ushuru analipa. Je, meza sokoni anayo? Giza likiingia anauza chini ya taa, au anakimbia na beseni kichwani?